Mgongano wa programu: kingavirusi inapoizuia barua pepe

Mgongano wa programu ni hali ya programu mbili zilizo nzima kuzuiana ndani ya kompyuta moja, kwa sababu zote zinashika kitu kilekile kwa wakati uleule. Hakuna iliyoharibika, kila moja inafanya kazi yake. Mfano unaosumbua ofisi nyingi ni ule wa kingavirusi, yaani programu ya kuzuia virusi, na programu ya barua pepe kama Thunderbird au Outlook. Barua hazitoki, au haziingii, au sanduku zima linatoweka, na mwenye kompyuta anaambiwa kwamba mashini yake ina virusi ilhali haina.

Kifaransa, lugha ya shule na ofisi katika Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, huliita jambo hili conflit. Anayetafsiri kwa haraka huandika mgogoro. Watu wa teritwari za Masisi na Walikale wanalijua neno hilo kwa uchungu: migogoro ya ardhi, migogoro ya vyeo vya kimila, vita vilivyozuka mwaka 1993. Mgogoro una pande zenye madai na historia, na hutafutiwa wasuluhishi. Programu hazina madai. Mgongano umetokana na kitenzi gonga, chenye kiambishi -an- cha kutendana: hiki kimegonga kile, na kile kimegonga hiki, mahali fulani panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Hata confligere, neno la Kilatini lililozaa conflit, lilikuwa na maana ya kugongana. Chukudu mbili, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zikigongana juu ya daraja la mbao, hakuna anayezichoma moto. Watu hutafuta namna ya kuzipitisha. Vivyo hivyo fundi asianze kwa kuuliza ni programu ipi ifukuzwe. Aulize zimegongana wapi.

Mgongano huu una uzito wa pekee kwa mahali kama Nyabiondo, katika teritwari ya Masisi, kwenye barabara iendayo Walikale. Hesabu za wagonjwa wa surua, kipindupindu na malaria kutoka huko hupelekwa kwenye ofisi kuu ya zoni ya afya ya Masisi, na kutoka hapo kwenye ofisi ya mkoa. Barabara ni ya matope na mara nyingi si salama, umeme ni wa sola, mtandao ni dhaifu. Ripoti ya surua ikikwama ndani ya kompyuta, chanjo nayo huchelewa.

Mahali pa kwanza pa kugongana ni njiani. Kingavirusi nyingi hujiweka katikati ya programu ya barua na seva, zikapokea kila barua na kuikagua kabla ya kuiachilia. Faili ya megabaiti 3 ikiambatishwa kwenye barua huvimba kwa takriban theluthi moja, hufika megabaiti 4 hivi. Kwenye mtandao wa kilobiti 64 kwa sekunde hiyo ni safari ya zaidi ya dakika 8. Kingavirusi inapoizuia barua mpaka ikamilike, programu ya barua inasubiri bila kupata jibu, mwishowe inakata mawasiliano na kutangaza kwamba seva haijibu. Mtumaji anajaribu tena, na kila jaribio linakula salio.

Mahali pa pili ni kwenye cheti, yaani kitambulisho cha kidijitali ambacho seva huonyesha. Barua za siku hizi husafiri zikiwa zimesimbwa, kupitia milango kama 993 kwa IMAP na 995 kwa POP. Ili izisome, kingavirusi huzifumbua na kuonyesha cheti chake yenyewe badala ya kile cha seva. Thunderbird hutunza orodha yake ya vyeti inavyoviamini. Isipokikuta humo cheti hicho, hukataa kuunganisha na kutoa onyo. Fungua onyo hilo na usome jina la aliyetoa cheti. Likiwa ni la watengenezaji wa kingavirusi uliyoiweka mwenyewe, umeupata mgongano. Likiwa ni jina usilolijua, usibofye kukubali: huenda kuna mtu anayezisoma barua zako njiani.

Mahali pa tatu ndipo penye hasara kubwa, napo ni kwenye diski. Kwa kawaida Thunderbird huweka barua zote za folda moja ndani ya faili moja. Barua moja kati ya elfu mbili ikiwa na kiambatisho kibaya, kingavirusi inaweza kuichukua faili yote na kuitia karantini. Watu wa Kivu Kaskazini waliopitia Ebola ya 2018 hadi 2020 wanajua kwamba kutengwa si kuzikwa. Ndivyo ilivyo hapa: faili imefungiwa, haijafutwa. Ingia kwenye karantini ya kingavirusi uirudishe, kabla ya mtu kubofya amri ya kufuta yote.

Utafutaji uende kwa utaratibu. Kwanza hakikisha kuna kingavirusi moja tu. Tangu Windows 8 mfumo wenyewe huja na ya kwake, na mbili zinazolinda kwa pamoja hugongana zenyewe. Pili, zima ukaguzi wa barua peke yake, si kingavirusi nzima, kisha tuma barua fupi isiyo na kiambatisho. Ikitoka, umejua ulipo mgongano. Tatu, iambie kingavirusi iiruke folda ya Thunderbird inayohifadhi barua. Nne, katika mipangilio ya faragha na usalama ya Thunderbird, weka alama panaporuhusu kingavirusi kutenga barua mojamoja, ili barua moja mbaya isiburute nyingine zote.

Wapo watakaohofia kwamba hivyo mlango umeachwa wazi. Hapana: kiambatisho kinapofunguliwa au kuhifadhiwa huandikwa kwenye diski, na ulinzi wa wakati wote wa kingavirusi hukikagua hapo. Kilicho hatari kweli ni kuing'oa kingavirusi ili barua zitoke, kwa sababu katika ofisi ambamo flashi moja ya USB hupita kwenye mashini zote, virusi havingoji mtandao.

Mgongano ndilo neno linalofaa. Wanaoandika miongozo na wanaofundisha mafundi wa zoni za afya walitumie, na pamoja nalo wafundishe zoea la kutafuta mahali pa kugongana kabla ya kufuta chochote. Nawe unayetunza kompyuta ya ofisi, nakili folda ya barua kwenye diski ya nje leo, kabla mgongano haujatokea.