Mutoto wa Miezi Saba: Historia ya Kumulisha Mutoto Mwenye Hajaweza Kunyonya

Tunapoandika juu ya desturi zetu, mara nyingi tunaanza na mambo makubwa: ndoa, matanga, kusimika wafalme. Mara hii tunapenda kuandika juu ya jambo dogo lenye linafanyika nyuma ya pazia, ndani ya nyumba ya muzazi: ginsi ya kumupa maziwa mutoto mwenye hana nguvu ya kunyonya.

Kwetu anaitwa mutoto wa miezi saba. Ndugu zetu wa Tanzania wanamwita njiti, sababu ni mwembamba kama kijiti cha kibiriti. Kwa wanganga, ni mutoto yeyote mwenye anazaliwa mbele ya kutimiza majuma 37 ya mimba. Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu kama mwaka 2020 watoto wapata milioni 13,4 walizaliwa hivyo duniani. Wengi kwetu wanafikiri kama mutoto huyo anauawa na baridi peke yake. Baridi inaua, ni kweli. Lakini njaa nayo inaua, na maziwa yenye kupita njia mbaya yanaua pia. Historia tunayoleta hapa inaonyesha kama wenye elimu walizunguka karibu miaka mia moja, kisha wakarudi kwenye kifua cha mama. Lakini inaonyesha tena kitu kimoja chenye sisi wenyewe tunapaswa kubadilisha.

1. Kunyonya ni kazi

Watu wanasema: «Kunyonya, nani anamufundisha mutoto?» Ni kweli, mutoto mwenye ametimiza miezi yake hafundishwi. Tangu tumboni alikuwa akimeza maji ya uzazi na kunyonya kidole. Lakini kwenye ziwa anapaswa kufanya mambo matatu kwa zamu: kuvuta, kumeza, kupumua. Njia ya chakula na njia ya pumzi zinakutana kooni. Kila mara anapomeza, pumzi inasimama kidogo, kisha inarudi. Ni kama wanawake wawili wenye kutwanga katika kinu kimoja: mmoja akikosa zamu yake, michi inagongana.

Mwendo huo unakomaa karibu na juma la 34 la mimba. Mutoto mwenye alizaliwa kwenye juma la 30 anaweza kuvuta kidogo, anaweza kumeza kidogo, lakini kuunganisha yote hajaweza. Ukimulazimisha, maziwa yanaingia mapafuni. Ukimuacha, analala usingizi murefu, watu wanasema «ametulia», kumbe ni njaa.

Tena hawako watoto wa miezi saba peke yao. Kuna mwenye alichelewa kulia kisha kuzaliwa, kuna mwenye kaakaa lililopasuka, kuna mwenye ugonjwa wa moyo. Hao nao wanachoka mbele ya kushiba.

2. Desturi ya wankambo wetu

Wankambo wetu hawakuwa na kuveze, lakini hawakukaa mikono mitupu. Katika vijiji vingi mama mwenye amezaa alikaa ndani ya nyumba, moto ukiwaka, wamama wengine wakimupikia na kumuchotea maji. Mutoto alifungwa ndani ya kikwembe karibu na mwili. Kama mama amekufa ao hana maziwa, mwanamuke mwingine wa jamaa aliweza kunyonyesha. Mutoto alinyonya miaka miwili, hata mitatu, na wazazi walingoja kusudi mimba nyingine isije mapema.

Kuna upande mwingine, na hatupaswi kuuficha. Mahali pengine mutoto mudogo sana alionwa kama mugeni mwenye hajaamua kubaki: jina lake lilichelewa, na akifariki walimuzika kimya-kimya. Mahali pengine maziwa ya kwanza, yale ya manjano, yalimwagwa kama uchafu. Na mutoto mwenye alikataa kunyonya alilazwa chali juu ya magoti, akamiminiwa maji ao uji mwepesi mudomoni. Mutoto mwenye nguvu alikohoa, akapona. Mutoto wa miezi saba hana nguvu ya kukohoa. Wamama wazee walifanya vile kwa upendo, wakifikiri kama ni njaa tu. Hakuna mwenye alikuwa amewaambia juu ya ile michi miwili ndani ya koo.

3. Paris: sanduku la joto na mupira mwembamba

Huko Ulaya nako, watoto hao walikuwa wakikufa bila watu kushangaa. Munganga Stéphane Tarnier wa hospitali ya Maternité, Paris, aliona sanduku lenye kutotolesha vifaranga vya kuku, akaomba watengeneze lingine kwa watoto wa watu. Tangu miaka ya 1880 na 1881 lilianza kutumika. Ndiyo kuveze ya kwanza ya hospitali ile.

Lakini Tarnier aliona haraka kama joto halitoshi. Mutoto amepata joto, lakini hawezi kunyonya, atafika wapi? Karibu na mwaka 1884 alianza kutumia mupira mwembamba, akiupitisha mudomoni mpaka tumboni, na kumimina maziwa kidogo-kidogo. Ile ndiyo baba ya sonda yenye tunaona mahospitalini leo. Sonda inaruka lile koo lenye halijakomaa, inapeleka maziwa moja kwa moja mahali pake.

Mwanafunzi wake Pierre Budin, mwenye kuandika kitabu «Le Nourrisson» mwaka 1900, aliongeza neno kubwa zaidi: usimutenge mama. Aliona kama mama mwenye kunyimwa nafasi ya kumutunza mutoto wake, moyo wake unapoa na maziwa yanakauka. Kwa hiyo alitaka wamama wakae karibu na wanyonyeshe. Kama watu wangemusikiliza Budin vizuri, historia ingekuwa fupi.

4. Kwetu Kongo: tone la maziwa na hesabu ya wafanyakazi

Mwaka 1894, huko Fécamp, Ufaransa, munganga Léon Dufour alifungua nyumba yenye kuitwa Goutte de Lait, yaani Tone la Maziwa. Pale wamama walipewa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, na watoto walipimwa kilo. Wazo hilo lilipita Ubelgiji, likafika Kongo wakati wa ukoloni.

Katika Katanga, jambo liliunganishwa na shaba. Katika miaka ya 1920 Union Minière du Haut-Katanga iliona kama kuleta wafanyakazi wapya kila mara ni bei kali. Ikaanza kuwakalisha kambini pamoja na wake na watoto. Ndipo tukaona materniti za kambi, mizani ya watoto, masista wenye kugawa chakula. Watoto wengi waliokolewa, na ni haki kuisema. Lakini mutoto alihesabiwa pia kama mufanyakazi wa kesho. Wakubwa wa koloni waliona kunyonyesha miaka mitatu kama kizuizi, sababu mama mwenye kungoja hazai haraka. Kwa hiyo walisukuma wamama waachishe mapema na wapokee maziwa mengine.

Pale biberoni ilivaa nguo ya maendeleo. Mpaka leo kuna nyumba zetu zenye kufikiri kama mutoto wa biberoni ni mutoto wa watu wenye uwezo. Kwa mutoto wa miezi saba ni hatari mara mbili. Maji mabaya yanaleta kuhara. Tena biberoni yenye tundu kubwa inamwaga yenyewe, mutoto akiwa tayari ao hayuko tayari. Maziwa yanakuja mbele ya pumzi kurudi.

5. Wenye elimu nao walikosa njia

Msifikiri kama kosa lilikuwa la wamama wazee wetu peke yao. Kuanzia miaka ya 1940, katika mahospitali mengi ya Ulaya na Marekani, wanganga waliogopa sana maziwa yasiingie mapafuni, mpaka wakaamua kutomupa mutoto wa mbele ya wakati chochote kwa siku ya kwanza, hata ya pili, hata ya tatu. Walimungojesha na njaa kwa kumulinda. Na mama alibaki inje, akiangalia kupitia kioo. Mwaka 1964 wanganga wawili wa Oxford, Victoria Smallpeice na Pamela Davies, walionyesha kama kumupa maziwa ya mama mapema, saa chache tu kisha kuzaliwa, kunafaa kuliko kumufungisha.

Kisha wengine wakajiuliza: wakati sonda inalisha, mudomo unafanya nini? Unasahau kazi. Mwaka 1979, huko Marekani, watafiti Measel na Anderson waliwapa watoto kitu cha kunyonya wakati maziwa yakipita katika sonda, na watoto hao walikuwa tayari mapema kuanza kunyonya chakula chao. Mwaka 1991, huko India, munganga Indira Narayanan na wenzake waliandika juu ya njia nzuri zaidi: mama anakamua maziwa kwanza, kisha anamupa mutoto ziwa lililo tupu ajifunze bila kuzama. Leo kazi ya kufundisha kunyonya na kumeza iko na wataalamu wake katika nchi nyingi.

Pigo kubwa lilitoka Bogotá, muji mukubwa wa Kolombia. Mwaka 1978 munganga Edgar Rey, na kisha Héctor Martínez, waliona kuveze moja ikibeba watoto wawili ao watatu, magonjwa yakiambukizana, na wamama wengine wakiacha watoto wao hospitalini. Wakamuweka mutoto juu ya kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, usiku na muchana, na kumupa maziwa ya mama. Watu wakaiita njia ya kanguru. Afrika haikukawia. Tangu mwaka 1988, katika hospitali ya misheni ya Manama, Zimbabwe, mahali pasipo na kuveze, Nils Bergman na Agneta Jürisoo walifanya vile. Kwa watoto wenye uzito chini ya gramu 1500, wenye kuishi walipanda kutoka 10 mpaka 50 kwa mia.

Mwaka 2021 uchunguzi mukubwa ulitoka Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto wenye kuwekwa kifuani mara moja, bila kungoja watulie kwanza kwenye mashini, walifariki 12 kwa mia katika siku 28 za kwanza. Wenye kungojeshwa, karibu 16 kwa mia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni likaagiza wote waanze mara moja.

6. Leo tunamulisha namna gani

Mutoto mudogo sana anapewa maziwa ya mama kwa sonda, matone machache kila saa mbili ao tatu. Mama anaanza kukamua mapema, katika saa za kwanza, mara nane ao zaidi kwa siku, hata kama ni matone tu. Yale ya manjano ndiyo dawa yenyewe, hayamwagwi. Karibu na juma la 32 wengi wanaweza kuanza na kikombe kidogo ao kijiko. Huko India wamama wana chombo cha tangu zamani kinachoitwa paladai, chenye mudomo kama wa ndege, na wauguzi wamekiingiza hospitalini bila haya.

Sheria ya kikombe ni moja: mutoto anakaa, halali chali. Kikombe kinagusa mudomo wa chini, maziwa yanafika pale, na mutoto mwenyewe anayalamba. Humimini. Akisimama kupumzika, nawe unasimama. Midomo ikigeuka buluu, pua ikipanuka, maziwa yakitoka puani, sauti ikiwa kama ya maji kooni, unaacha na kumwita muuguzi. Kushiba kwake kunapimwa kwa mizani, si kwa haraka ya wageni.

Kazi hii ni ya juma kwa juma. Mama peke yake hataiweza, kama hakuna mwenye kumupikia na kumufulia. Baba pia anaweza kufunga mutoto kifuani, na haipunguzi heshima yake.

Mwisho

Tunaona basi: kikwembe chetu hakikuwa ujinga. Kinatoka tu mugongoni na kuja kifuani mpaka mutoto akomae. Wamama wenye kuzunguka muzazi hawakuwa ujinga. Kunyonyesha murefu hakukuwa ujinga. Tuvishike. Lakini mukono wenye kumimina uji ndani ya mudomo wa mutoto aliyelazwa chali, tuuache, na tuwaambie wamama wazee kwa heshima sababu yake, juu wao ndio wenye kusikilizwa usiku wakati muuguzi hayuko.

Na tumupe jina mapema. Mutoto mwenye jina, watu wanaamka usiku kwa ajili yake. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa mutoto huyu, kibaba ni maisha yake, na haba ni tone moja la maziwa, likingoja zamu ya pumzi.