Daftari la Msomaji kama Chanzo cha Historia: Orodha za Vitabu za Charles Darwin na Mafunzo Yake kwa Sera za Usomaji Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza orodha binafsi ya vitabu vilivyosomwa kwa hiari kama chanzo cha historia ya usomaji. Mfano mkuu ni madaftari ambayo mwanasayansi Charles Darwin aliorodheshamo vitabu alivyovisoma kuanzia mwaka 1838 hadi 1860, yakilinganishwa na shajara ya William Gladstone pamoja na rejesta ya maktaba ya mji wa Muncie, Marekani. Hoja ya makala ni kwamba orodha iliyoandikwa siku ya kusoma hutunza habari ambazo kumbukumbu ya uzeeni huzigeuza na ambazo takwimu za maktaba hazizioni. Mwisho, makala yanapendekeza namna ambavyo taasisi za kanda yetu zinaweza kuzitunza orodha hizo bila kuugeuza usomaji wa kujiburudisha kuwa kazi ya shule.

1. Utangulizi

Mijadala kuhusu utamaduni wa kusoma katika Afrika Mashariki hutegemea zaidi aina tatu za ushahidi: mauzo ya wachapishaji, idadi ya vitabu vinavyoazimwa maktabani, na matokeo ya mitihani. Kila mojawapo una manufaa yake, lakini wote unamtazama msomaji kutoka nje. Kitabu kilichouzwa huenda hakikufunguliwa. Kilichoazimwa huenda kilirudishwa kikiwa kimesomwa kurasa kumi tu. Na kilichotahiniwa kilisomwa kwa amri. Aidha, nakala moja ya riwaya iliyopita mikononi mwa jirani, shemeji na mpangaji wa chumba cha pili huhesabiwa mara moja tu, pale dukani.

Kutokana na ushahidi huo, hukumu nzito hutolewa mara kwa mara kwamba watu wetu hawasomi, au kwamba wanasoma kwa ajili ya mtihani pekee. Hukumu hiyo huathiri bajeti za maktaba, uamuzi wa wachapishaji na orodha za vitabu vya shule. Kwa hiyo swali la vyanzo lina uzito kwa mtunga sera kama lilivyo nao kwa mwanahistoria: tutajuaje mtu alisoma nini pale ambapo hakuna aliyemlazimisha?

Katika makala haya, istilahi "daftari la usomaji" inatumika kumaanisha kumbukumbu ambayo msomaji anajiandikia mwenyewe, kwa mpangilio wa tarehe, kuhusu vitabu alivyovisoma, iwe ameongeza maoni au la.

2. Asili mbili za kuorodhesha usomaji

Kuorodhesha vitabu alivyovisoma mtu ni jambo kongwe katika elimu ya Kiislamu. Katika Andalusi, mwanazuoni Ibn Khayr wa Sevilla, aliyefariki mwaka 1179, aliacha fahrasa yenye majina ya vitabu zaidi ya 1,000, pamoja na silsila za walimu waliompokeza. Msingi wa orodha ya aina hiyo ni ijaza, yaani idhini ya kukipokeza kitabu kwa wengine, na wanazuoni wa mwambao wetu wanaifahamu vyema desturi hiyo. Hapo orodha inathibitisha mamlaka: inaeleza nani alisoma nini mbele ya nani. Haiulizi kama kitabu kilimfurahisha msomaji.

Ulaya nako kulikuwa na desturi ya kunakili dondoo katika daftari maalumu. Mwaka 1686 mwanafalsafa John Locke alichapisha kwa Kifaransa utaratibu wa kutengeneza faharasa ya daftari la namna hiyo ili dondoo zipatikane kwa urahisi. Daftari hilo lilitunza maneno ya kitabu, huku tendo lenyewe la kusoma, lini na kwa mfuatano gani, likisahaulika.

Daftari la usomaji linatofautiana na desturi zote mbili. Halitoi idhini, na si lazima linakili chochote. Linaandika tukio: kitabu fulani kimesomwa, tarehe fulani. Kwa mwanahistoria, tarehe hiyo ndiyo yenye thamani.

3. Madaftari ya Darwin

Darwin alirejea Uingereza mwaka 1836 baada ya safari ya miaka karibu mitano katika meli ya *Beagle*. Mwaka 1838, akiwa na umri wa miaka 29, alianza kuweka kumbukumbu ya usomaji wake kwa utaratibu. Alikuwa na orodha mbili: ya vitabu vya kusomwa na ya vitabu vilivyokwisha kusomwa. Kwa miaka kadhaa aliigawa orodha ya pili, kazi za sayansi zikiwa upande wake na kazi nyinginezo upande wake. Katika upande huu wa pili mna tamthilia za Shakespeare na riwaya za Jane Austen, vitabu ambavyo havikuwa na kazi yoyote ya wazi katika utafiti wake.

Maoni yake ni mafupi mno. Kitabu kimoja atasema ni hafifu. Kingine atakiri kwamba amekipitia juujuu tu. Ufupi huo ni faida kwa mtafiti. Msomaji anayejiandikia mwenyewe hana sababu ya kujisifu kwamba amekimaliza kitabu ambacho hakukimaliza. Rejesta ya maktaba haiwezi kumpambanua aliyesoma kitabu kizima na aliyekifunua kurasa chache. Daftari la Darwin linaweza.

Alidumu na kazi hiyo hadi mwaka 1860, mwaka uliofuata ule wa kuchapishwa kwa *On the Origin of Species*. Hivyo tunayo kumbukumbu ya miaka 22 ya usomaji wa mtu mmoja, iliyoandikwa kabla yeye mwenyewe hajajua ni kitabu kipi kitakuja kuwa muhimu.

4. Kumbukumbu ya uzeeni na daftari la ujanani

Umuhimu wa sifa hiyo ya mwisho unaonekana katika kisa cha Thomas Malthus. Katika tawasifu aliyoiandika mwaka 1876, na ambayo ilichapishwa mwaka 1887 baada ya kifo chake, Darwin anasimulia kwamba mnamo Oktoba 1838 alisoma insha ya Malthus kuhusu idadi ya watu kwa ajili ya kujiburudisha tu, na ndipo alipopata nadharia ya kufanyia kazi. Simulizi hilo limependwa na wengi: nadharia kubwa ya sayansi ikizaliwa katika saa ya mapumziko.

Maandishi ya wakati ule yanasahihisha simulizi hilo katika mambo mawili. Kwanza ni tarehe. Katika daftari la utafiti lijulikanalo kama Daftari D, mawazo yake kuhusu Malthus yameandikwa chini ya tarehe 28 Septemba 1838. Tofauti hiyo ni ya siku chache, lakini inaonyesha kwamba kumbukumbu ya karibu miaka 40 huhitaji kupimwa hata inapotoka kwa mhusika mwenyewe. Pili, na hili ndilo zito zaidi, ni neno "kujiburudisha". Madaftari ya miezi ile yanaonyesha mtu aliyekuwa akisoma na kuandika kwa bidii kuhusu spishi, na aliyekwisha kufungua, mwezi Julai, daftari jingine kuhusu akili na tabia ya binadamu. Kitabu kuhusu ongezeko la watu hakikuwa mbali na mambo yaliyomshughulisha. Ndiyo maana wanahistoria wa sayansi wamesita kulichukua neno hilo kama lilivyo.

Haifuati kutoka hapo kwamba Darwin alidanganya. Linalofuata ni kwamba mpaka kati ya kusoma kwa raha na kusoma kwa kazi mara nyingi huwekwa baadaye, msomaji anapoyatazama maisha yake kwa nyuma. Siku ya kusoma, mambo hayo mawili huweza kukaa pamoja katika kitabu kimoja. Kwa mtunga sera, jambo hili lina maana ya moja kwa moja: sera inayougawa usomaji katika "wa manufaa" na "wa starehe", kisha ikafadhili wa kwanza pekee, inagawa kitu ambacho hata msomaji mwenyewe hawezi kukigawa wakati anasoma.

Tawasifu hiyohiyo ina ungamo la kuhuzunisha. Darwin anasema kwamba hadi umri wa miaka 30 au zaidi alipata furaha kubwa katika ushairi, na safarini hakuachana na Milton. Lakini uzeeni hakuweza kuuvumilia ushairi, na hata Shakespeare alimchosha. Riwaya pekee ndizo zilizobaki kuwa liwazo, akisomewa kwa sauti, na alipendelea zile zenye mwisho mwema. Anaongeza kwamba lau angepewa maisha mengine, angejiwekea kanuni ya kusoma ushairi na kusikiliza muziki angalau mara moja kwa wiki, kwani kupotewa na ladha hizo ni kupotewa na furaha.

Kuhusu miaka ya mwanzo ya badiliko hilo, mtafiti anaweza kulinganisha ungamo na orodha. Kuhusu miaka baada ya 1860 hana orodha ya kulinganisha nayo; anabaki na neno la mzee peke yake. Hapo ndipo hasara ya daftari kukoma inapoonekana.

5. Ulinganisho: Gladstone na Muncie

Gladstone, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara nne, alianza shajara mwaka 1825 akiwa mwanafunzi wa miaka 15 na akaendelea nayo kwa karibu miaka 70. Karibu kila siku aliandika alichokisoma, na jumla ya maandishi yaliyotajwa humo hukadiriwa kuwa takriban 20,000. Shajara hiyo, iliyochapishwa katika mabuku 14 kati ya mwaka 1968 na 1994, inawawezesha watafiti kuona kiongozi alisoma nini wiki ileile aliyokuwa akikabiliana na mswada bungeni. Uzeeni alitoa sehemu kubwa ya vitabu vyake kuanzisha maktaba huko Hawarden, Wales, ambayo ingali inatumika.

Mifano hii miwili ina kasoro moja ya pamoja: ni ya wanaume wa tabaka la juu, wenye vitabu, mishumaa na muda. Kwa wasomaji wa kawaida, mfano mwafaka ni rejesta za maktaba ya umma ya Muncie, Indiana, zilizogunduliwa upya mwaka 2003. Zinaonyesha nani aliazima kitabu gani kati ya mwaka 1891 na 1902, wakiwamo mafundi, watumishi na watoto. Upana wake ni mkubwa kuliko wa daftari lolote la mtu mmoja. Hata hivyo, rejesta zinakoma kwenye mlango wa maktaba. Vyanzo hivi viwili vinakamilishana: rejesta inatupa wengi, daftari linatupa undani.

6. Mafunzo kwa kanda yetu

Historia ya vitabu vya Kiswahili imeandikwa zaidi kwa upande wa watoaji: waandishi, kamati za lugha na wachapishaji. Tunajua kwamba Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na kwamba East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilichapisha vitabu na kuviazimisha, pamoja na njia ya posta. Tunajua kwamba Julius Nyerere alichapisha tafsiri ya *Julius Caesar* mwaka 1963. Msomaji aliyekaa na vitabu hivyo jioni kibarazani hana sauti katika historia hiyo. Mapendekezo matatu yanafuata.

Kwanza, idara za nyaraka na vyuo vikuu zikusanye madaftari, shajara na barua za wasomaji wa kawaida kabla familia hazijavitupa pamoja na karatasi kuukuu. Uingereza ilifungua mwaka 1996 hazina ya kumbukumbu za usomaji wa miaka ya 1450 hadi 1945. Hakuna kizuizi cha kitaaluma kinachozuia hazina ya wasomaji wa Kiswahili.

Pili, umiliki na faragha vilindwe kisheria. Orodha ya vitabu hufichua imani, maradhi na msimamo wa kisiasa wa mtu. Baada ya sheria ya usalama ya mwaka 2001 nchini Marekani, baadhi ya maktaba ziliamua kufuta kumbukumbu za uazimaji ili zisitumike dhidi ya wasomaji. Daftari likabidhiwe kwa hiari, na mwenyewe au warithi wake waamue litafunguliwa lini.

Tatu, shule zisiligeuze daftari kuwa zoezi la kusahihishwa. Mwanafunzi akijua kwamba mwalimu atatoa alama, ataandika vitabu vinavyompendeza mwalimu. Tutapata orodha ndefu na ushahidi mbovu, na mtoto atajifunza kwamba hata starehe yake ina mtahini. Inatosha kumpa daftari tupu na kumwacha nalo.

7. Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba daftari la usomaji lina nguvu kwa sababu huandikwa kabla matokeo hayajajulikana. Lilisahihisha tarehe ya Darwin, likatilia shaka neno lake, na lilipokoma likatuacha bila shahidi wa pili. Mpaka pale ushahidi wa aina hii utakapokusanywa katika kanda yetu, kauli kwamba watu wetu hawasomi haina msingi wa kutosha kuongoza bajeti ya maktaba hata moja. Washauri wa sera wanaoletewa kauli hiyo wana haki ya kuuliza imetokana na madaftari ya nani.