Amana Iliyolala Kwa Mumia

Alfajiri ya tarehe 29 Oktoba, siku ambayo Waanglikana humkumbuka Askofu James Hannington, nilitoka Butere kwa miguu kushika njia ya Mumias, na kabla sijaupita uwanja wa misheni nikamkuta bibi mkongwe akifagia mlangoni pake, naye akaniuliza niendako na fimbo mkononi kabla jua halijachomoza. Nilipomweleza, akausimamisha ufagio wake. "Mjukuu wangu, huyo si amezikwa Uganda? Mumias wamfuata nani?"

"Nafuata pale alipolala njiani, kukhu."

Akalifungua fundo la leso yake, akanitilia kiganjani njugu za kuchemsha, akaniusia nisimpite mtu bila kumwamkia.

Swali lake lilikuwa la haki, kwa maana aghalabu hujaji huandama kaburi, nami nilikuwa nikiendea mahali ambapo kaburi halipo. Hannington alitoka Rabai mwezi wa Julai 1885 kwenda Buganda pamoja na wapagazi wapatao 200, akapita Umasaini kwa njia ambayo Joseph Thomson alikuwa ameitangulia, akiiona kuwa fupi na yenye afya kuliko ile ya kusini, wala hakutambua ya kuwa huko Buganda mgeni atokaye upande wa mashariki alikuwa akiogopwa kama adui, na kwamba habari za Wajerumani waliokuwa wakinyakua ardhi pwani zilikwisha kuutia hofu moyo wa Kabaka Mwanga. Mwanzoni mwa Oktoba akafika Kwa Sundu, ndipo Mumias ya leo, mji wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, ulioitwa hivyo kwa jina la babake, Shiundu. Tarehe 12 akaondoka na watu 50, wengine akiwaacha hapo chini ya Kasisi William Jones. Tarehe 21 akakamatwa katika nchi ya chifu Luba, Busoga. Na baada ya siku nane za kifungo akauawa pamoja na wale aliokwenda nao, isipokuwa wachache mno.

Huyu Jones ndiye aliyenishughulisha njia nzima, huku matrekta ya miwa yakinipita na kunifunika vumbi. Alikuwa mtu aliyeokolewa utumwani, akasomeshwa India, na mwaka uleule Hannington mwenyewe alikuwa amemwekea mikono kuwa mhudumu wa Kanisa. Alikaa Kwa Sundu karibu mwezi mmoja akingoja, hata waliookoka walipomletea habari, na baadaye akawarudisha watu wake pwani. Walipoingia Rabai mwezi wa Februari 1886 walitanguliwa na bendera ya buluu iliyoandikwa kwa herufi nyeupe neno moja la Kitabu cha Samweli, Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Nadhani hakuna hotuba ambayo ingaliweza kuwaeleza zaidi wanawake waliokuwa wamesimama njiani wakiwatazamia waume zao.

Mifupa ya askofu haikubaki Busoga. Ilichukuliwa ikafikishwa kwa Mumia, katika nchi ambayo watu wake hawakuwa Wakristo wala hawakuwiwa lolote na marehemu, ikakaa humo kama amana ya msafiri, mpaka Askofu Alfred Tucker alipopita mwaka 1892. Pamoja nayo palikuwa na soli za viatu vyake na kifuniko cha chombo cha safari, ikatambulikana kwa vitu hivyo vinyonge. Tarehe 31 Desemba ikazikwa Namirembe, na Mwanga mwenyewe akihudhuria.

Ilipita miaka 20 baada ya maziko hayo ndipo Walter Chadwick alipoanzisha misheni ya Butere, mwaka 1912, na mauti yakamkuta mwaka 1917, vita vikiendelea. Dadake, Jane Elizabeth, mmoja wa wale wanawake watano wa kwanza wa misheni ya Church Missionary Society (CMS) waliofika Mengo mwaka 1895, alikuja huko Butere kufundisha wasichana, na kazi yake ndiyo chimbuko la shule ya wasichana iliyolipeleka mbali jina la Butere.

Nilipofika Mumias jua lilikuwa limepanda. Nikaketi chini ya mwembe, kando ya wauza ndizi, nikafungua sala, nikamtaja Hannington, nikamtaja Jones, kisha ulimi ukakwama. Wale wapagazi wa Rabai na Freretown, huko pwani, waliobeba mahema na masanduku hata Busoga, wakachomwa mikuki pamoja na bwana wao, mifupa yao haikuchukuliwa na mtu, wala hapakuwa na soli za viatu za kuwatambulisha, kwani wengi wao walitembea pekupeku. Nikazitoa njugu za kukhu, nikazihesabu mojamoja juu ya leso yangu, na kwa kila moja nikamwombea mtu nisiyemjua jina. Ziliisha kabla sijafika nusu yao, nikazirudia tangu mwanzo.