Mikono Inayozika: Imani ya Uzima wa Baadaye Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Wamisionari walipofika Nyeri mwanzoni mwa karne ya 20 walikuta watu wenye imani thabiti juu ya wafu na hofu kubwa ya maiti. Wagikuyu walijua kwamba roho za wazee, ngoma, huendelea kujishughulisha na mambo ya ukoo: hukasirika, huridhika, humwagiwa pombe na kuchinjiwa mbuzi. Mwili wenyewe, hata hivyo, ulikuwa najisi. Mzee mwenye mali na wana wakubwa aliweza kuzikwa kwa taratibu zake. Wengine wengi waliachwa kichakani, fisi wakamaliza kazi, na mara nyingi mgonjwa mahututi alitolewa nyumbani kabla hajakata roho. Aliyemgusa maiti alipata thahu, unajisi ambao ulihitaji mganga wa kuuondoa. Ndiyo maana nashikilia kwamba imani ya Kikristo juu ya uzima wa baadaye haikuota mizizi katika nchi hii kwa mahubiri ya mimbarini. Iliota kwa sababu vikundi vidogo vya waumini, waliokutana majumbani mwao, walikubali kazi ambayo wengine waliikimbia: kumgusa mfu, kumwosha, kumzika, na kukaa na waliofiwa.

Mahubiri hayakukosekana. Mapadre wa Consolata kutoka Turin walifika Tuthu mwaka 1902, kwa Chifu Karuri, kisha wakapanda kuelekea Nyeri na kujenga Mathari. Waskoti walifungua Tumutumu, jirani na Karatina, na mwaka 1922 wakafika Chogoria, upande wa mashariki wa mlima. Waanglikana walikuwa Weithaga na Kahuhia. Wote walihubiri mbingu, jehanamu na siku ya mwisho, na wazee waliwasikiliza kwa adabu kisha wakaenda zao. Kilichowafanya watu wageuze shingo ni jambo jingine. Vijana wa kusoma, athomi, walianza kuchimba makaburi, na jamaa zao wasioamini wakawaita kila palipotokea kifo, maana walionekana kutoiogopa thahu. Kijana aliyebeba maiti jana, leo akaonekana analima akiwa mzima, alikuwa hoja ambayo hakuna katekista angeweza kuipanga kwa maneno. Sista Irene Stefani, aliyefanya kazi Gikondi na kupewa na wenyeji jina la Nyaatha, alikwenda nyumba kwa nyumba kuwahudumia wagonjwa. Alikufa tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoipata akimuuguza mwalimu mmoja. Alipotangazwa mwenye heri mjini Nyeri mwezi Mei 2015, umati uliofurika ulikuwa wa wajukuu na vitukuu wa watu walioguswa na mikono yake.

Lakini mtawa ni mtu wa pekee, na athomi walikuwa wachache. Jamii nzima ya namna hiyo ilikuja na Uamsho, vuguvugu la toba ndani ya makanisa ya Kiprotestanti ya Afrika Mashariki. Ulianzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930; mwaka 1937 timu yake ilihubiri Kabete, na kufikia mwisho wa miaka ya 1940 waliookoka walikuwa wamejaa Murang'a na Nyeri. Hawakujenga kanisa jipya. Walibaki Waanglikana na Wapresbiteri wa Jumapili, ila katikati ya juma walikusanyika katika nyumba ya mmoja wao, watu wazima kwenye mabenchi, watoto sakafuni, koroboi mezani. Mmoja alisimama akaeleza alivyoanguka: deni la dukani alilolikana, mbuzi wa jirani aliyemuuza, uongo aliomwambia mkewe. Wenzake waliitikia kwa Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ulioimbwa na watu ambao Kiganda hawakijui, na asubuhi yake mtu huyo alikwenda kulipa. Waliita hivyo kutembea nuruni. Hukumu ya mwisho, ambayo mhubiri aliipeleka mbali hadi mwisho wa dunia, hapa ilisikilizwa mbele ya mke na majirani.

Tena watu hawa walikuwa na sababu nzito ya kuhitajiana. Walikataa kuchinja mbuzi wa ngoma na kushiriki matambiko ya ukoo, na kwa kukataa walijitoa katika mnyororo wa kukumbukwa. Nani angemwagia pombe mtu ambaye yeye mwenyewe hakuwamwagia wazee wake? Ushirika wa nyumbani ulilazimika kuwa ukoo mwingine, wenye ndugu walio hai na ndugu waliotangulia, la sivyo waliookoka wangekuwa wafu wasio na mtu. Naona hapa ndipo tumaini la ufufuo lilipopata mwili: lilikuwa jibu la swali la kikwao, si somo la kutoka Edinburgh.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, jibu hilo lilitiwa motoni. Wengi wa waliookoka walikataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji wa msituni walioasi utawala wa kikoloni, wakisema kwamba aliyekwisha kunywa damu ya Kristo hawezi kunywa nyingine, na baadhi yao waliuawa kwa hilo. Wako pia waliokataa bunduki za homugadi, walinzi wa upande wa serikali, wakabaki bila kinga ya upande wowote. Kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote mjini Murang'a, ambalo Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1955, lilijengwa kwa kumbukumbu yao. Ndani yake msanii wa Kitanzania, Elimo Njau, alichora maisha ya Yesu kuanzia kuzaliwa hadi msalabani, kati ya migomba na mabonde ya Ugikuyu.

Wapo watakaosema kwamba mazishi yaliletwa na serikali, si na imani. Ni kweli kwamba maofisa wa kikoloni walitoa amri za kuzika maiti, kwa sababu za afya. Amri huweza kuchimbisha shimo. Katika vijiji vya lazima vya kuanzia 1954, watu waliokufa kwa njaa na maradhi walizikwa kwa amri, upesi, na hakuna anayeyakumbuka mazishi yale kuwa ni tumaini. Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mwanateolojia John Mbiti, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu Wakamba na mafundisho ya Agano Jipya juu ya mambo ya mwisho, alidai kwamba Mwafrika aliutazama zaidi wakati uliopita, na kwamba mbingu ya wamisionari iligeuka kuwa mahali pa kuzikimbia shida. Kwa makanisa aliyoyachunguza huenda alisema kweli. Ila mtu anayetaka kukimbia dunia harudishi mbuzi wa jirani. Na Mbiti huyohuyo ndiye aliyefundisha kwamba marehemu huendelea kuwa hai maadamu wapo wanaomjua kwa jina. Hicho hasa ndicho ushirika mdogo hukifanya. Maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki walilitambua hilo kwa njia yao walipoamua, katika miaka ya 1970, kwamba jumuiya ndogondogo ndizo msingi wa parokia. Leo Othaya au Karatina mtu akifariki, jumuiya ndiyo hufika kwanza, husali jioni baada ya jioni hadi siku ya mazishi, huchanga, hupika, na hujua ni mtoto gani atakayekosa karo.

Pingamizi la mwisho ni la kisiasa: kwamba mbingu hii ilikuwa ya wale waliosimama kando wakati wenzao wanapigania ardhi. Simkubalii anayesema hivyo, na shahidi wangu ni Dedan Kimathi mwenyewe, kiongozi wa Mau Mau aliyewahi kusoma Tumutumu. Usiku wa kuamkia kunyongwa kwake katika gereza la Kamiti, tarehe 18 Februari 1957, alimwandikia padre wa misheni ya Nyeri kwamba anajiandaa kwa furaha kwenda mbinguni, akamwomba mwanawe asomeshwe. Msitu na sebule ya waliookoka vilikuwa na tumaini moja. Kilichovitenganisha ni mazishi. Mashahidi wa Murang'a walipata kanisa. Kimathi alitupwa katika kaburi lisilo na alama ndani ya gereza, na mjane wake, Mukami, aliomba kwa miongo mingi apewe mifupa ya mumewe amzike. Alifariki Mei 2023 bila kuipata. Kama hoja yangu ina ukweli, basi deni la mifupa hiyo si la heshima tu. Watu wake walinyimwa tendo lenyewe ambalo kwalo nchi hii ilijifunza kuamini kwamba wafu wataishi, na serikali ya Kenya, iliyorithi Kamiti na kumbukumbu zake, inao wajibu wa kumtafuta hadi apatikane.