Kabla ya Kidonge Kulikuwa na Jani

Wiki sita kabla ya harusi yake, binti wa mama yangu mdogo alitoa kopo kwenye mkoba akaniwekea mkononi. Kopo jeupe la plastiki, picha ya jani la kijani, maandishi ya Kichina, na chini yake ahadi kwa Kiingereza: kilo saba kwa mwezi, mimea mitupu, haina madhara. Alikuwa amelinunua kwa mtu wa WhatsApp, likaletwa Garissa na basi kutoka Eastleigh. Alikuwa ameshameza siku nne. "Sisikii njaa kabisa," aliniambia, macho yamemtoka. Halafu akaongeza kwamba pia halali, mdomo unamkauka, na moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa tu mbele ya feni.

Kaka yake alikuwa ameegemea ukuta, shavu limevimba, kibunda cha miraa kando. Akacheka. "Abaayo, hiyo ni handasi. Mimi naipata hapa hapa mjini, bila kutuma pesa kwa mtu nisiyemjua."

Tulimpuuza, kwa sababu mtu akichana miraa kila kitu anakijua. Lakini lile neno lilinikaa kichwani, nikaanza kusoma. Kumbe jamaa alikuwa karibu sana na ukweli kuliko sisi sote.

Mwaka 1975, maabara ya Umoja wa Mataifa inayochunguza dawa za kulevya iliitoa kemikali kuu iliyomo kwenye jani bichi la miraa. Ikaitwa kathinoni, kutokana na jina la kisayansi la mmea wenyewe, Catha edulis. Ukiiweka kando ya amfetamini kwenye karatasi ya mwanakemia, ni kama watoto wa baba mmoja. Tofauti yao ni ndogo mno. Zote mbili huamsha ubongo, hupandisha presha, hufukuza usingizi na huzima hamu ya chakula. Yeyote aliyekulia Garissa, Wajir au Mandera hahitaji maabara kumwambia hilo la mwisho. Mwanamume aliyekaa maskani tangu alasiri hurudi nyumbani usiku, mke amemwekea chakula, na sahani inabaki vilevile mpaka asubuhi.

Kathinoni ina tabia nyingine ambayo imeipa biashara ya miraa sura yake. Haidumu. Jani likishachumwa, inaanza kuvunjika, na baada ya kama siku mbili sehemu kubwa imegeuka kuwa kathini, kemikali iliyo dhaifu zaidi. Ndiyo maana yale magari kutoka Maua hukimbizwa kana kwamba yamebeba mgonjwa, na ndiyo maana mteja hugeuza kibunda mara mbili kabla ya kulipa. Miraa iliyolala hakuna anayeitaka.

Sasa sikiliza. Hiyo kathini, nguvu ya miraa iliyolala, ndiyo iliyotiwa kwenye vidonge vya kupunguza uzito huko Ujerumani na Afrika Kusini, vikauzwa madukani kihalali. Kuna pia kidonge kilichoingia soko la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa jina la Tenuate, kwa ajili ya watu wanene. Ukikifungua kikemia ni kathinoni iliyoongezewa vipande vichache. Kwa hiyo kitu ambacho wanaume wa kwetu wamekitafuna miaka na miaka wakiitwa wazembe, wanawake wa nchi nyingine waliandikiwa na daktari wakaitwa wagonjwa wanaotibiwa.

Serikali nazo zilikitazama kwa macho mawili. Katika miaka ya 1940 wakoloni Waingereza walijaribu kuipiga marufuku miraa kwenye wilaya za kaskazini mwa Kenya, wakisema inawaharibu watu. Marufuku haikushika, watu wakaendelea kuchana. Wakati huohuo, katika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la Uingereza lenyewe lilikuwa likiwagawia askari vidonge vya amfetamini ili wasilale. Vita vilipokwisha, viwanda vilikuwa na dawa tele na vilihitaji wateja wapya. Wakapatikana: akina mama wa nyumbani waliotaka kupungua. Katika miaka ya 1950 na 1960 Marekani ilimeza amfetamini kwa mabilioni ya vidonge, na mpaka watu walipogundua kwamba ni uraibu, kizazi kizima kilikuwa kimeshaonja.

Na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Wakati wa Vita vya Kwanza, wafanyakazi wa viwanda vya mabomu Ufaransa walianza kukonda, kutoka jasho jingi na kupata homa kali, wengine walikufa. Chanzo kilikuwa kemikali ya baruti iitwayo DNP. Mwaka 1933 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza kwamba kemikali hiyohiyo inapunguza uzito, na mara ikawa dawa ya kununuliwa. Inafanya kazi kwa kuufanya mwili uchome chakula na kukitoa kama joto. Ukizidisha, joto halina pa kwenda, na hakuna dawa ya kuliteremsha. Watu walipofuka kwa mtoto wa jicho, wengine wakafa kwa homa. Marekani iliiondoa mwaka 1938, lakini mpaka leo inauzwa kwa siri mtandaoni. Fikiria mtu ameimeza hiyo Garissa, mwezi wa Machi, jua la saa nane.

Ukiendelea kufuata miaka, hadithi inajirudia mpaka inachosha. Katika miaka ya 1990 Wamarekani walichanganya dawa mbili, wakaziita fen-phen. Mwaka 1997 madaktari wa Mayo Clinic waliripoti wanawake 24 waliokuwa wakizitumia ambao vali za moyo zilikuwa zimeharibika, na mwaka huohuo fenfluramini, mojawapo ya hizo mbili, ikaondolewa sokoni. Ufaransa nako, dawa ya Mediator ilisajiliwa kwa wenye kisukari kuanzia 1976, lakini watu wengi wakaandikiwa ili wapungue. Ikauzwa miaka 33. Aliyeisimamisha ni daktari mmoja wa mapafu katika mji wa Brest, Irène Frachon, aliyekataa kunyamaza. Iliondolewa 2009, na mwaka 2021 mahakama ya Paris ikaitia hatiani kampuni ya Servier. Kisha sibutramini, dawa iliyosifiwa dunia nzima: utafiti mkubwa ulionyesha inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa watu ambao tayari mioyo yao ilikuwa hatarini. Ikaondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010.

Lakini sibutramini haikufa. Wakaguzi wa dawa wa Marekani wamekuwa wakiikuta tena na tena imefichwa ndani ya makopo ya "mitishamba" na majani ya chai ya kupunguza tumbo, bila kuandikwa popote kwenye lebo. Ndipo nilipokumbuka dalili za binti wa mama mdogo: mdomo mkavu, usingizi umepotea, moyo unadunda, njaa hakuna. Siwezi kuapa kilichokuwa ndani ya kopo lake. Na hilo ndilo tatizo lenyewe, kwamba hakuna anayeweza kuapa: si yeye, si aliyemuuzia, si dereva wa basi. Kaka yake angalau anaona anachotafuna.

Lakini kumcheka dada huyu ni rahisi. Swali gumu ni kwa nini mtu wa Garissa, mahali ambapo njaa ni jirani, alipe pesa ili asisikie njaa.

Nyanya yetu, ayeeyo, hakulielewa kabisa. Kwa watu wa umri wake, kukonda ni habari mbaya. Ngamia anakonda, mtoto anakonda, ukame umeingia. Yeye alikuwa msichana wakati wa vita vya Shifta, kati ya 1963 na 1967, serikali ilipowakusanya wafugaji kwenye vijiji vyenye ulinzi na mifugo mingi ikapotea. Ameona ukame wa 1984. Mwaka 2011, njaa ilipotangazwa Somalia, watu walitembea hadi kambi za Dadaab, na pale watoto walipimwa kwa ule utepe wa rangi tatu unaozungushwa mkono wa juu: kijani, manjano, nyekundu. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, maana yake mtoto anahitaji matibabu ya haraka. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na utepe ukatoka tena. Hata nje ya mkoa wetu ni hivyo hivyo: ugonjwa wa UKIMWI ulipoanza kuua watu Rakai, Uganda, wenyeji waliuita Slim, na kwa jina hilo ukaandikwa kwenye jarida la madaktari mwaka 1985. Kwa miaka mingi Afrika Mashariki mtu aliyepungua ghafla aliulizwa kwa sauti ya chini kama yuko salama.

Sasa neno hilohilo limeandikwa kwenye kopo, na linauzwa.

Kilichobadilika ni mji. Mfugaji aliyekunywa maziwa ya ngamia na kutembea kutwa nzima alihamia bulla, akaketi. Akakuta chai ya sukari mara tano kwa siku, wali, na tambi, chakula kilichoingia jikoni kwa Wasomali kupitia utawala wa Waitalia ng'ambo ya mpaka. Akakuta sukari ya bei nafuu iliyopita magendo kutoka Kismayu. Mwanamke, zaidi ya wote, aliambiwa akae nyumbani. Uwanja wa kukimbia jioni ni wa wavulana. Si Garissa peke yake: utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu nchini Kenya alikuwa na uzito uliozidi. Kisukari na presha ni vitu vya kweli, vinakaa kwenye nyumba zetu. Na juu ya hayo kuna simu, na binamu walioko Minneapolis na London wanaotuma picha wakiwa wamevaa dirac iliyowakaa vizuri, na shangazi anayekuangalia kwenye harusi ya mwenzako na kusema kwa sauti, mbele ya watu, "Wewe umekuwa pipa."

Kwa hiyo ninaposikia watu wakisema wasichana wanameza vidonge kwa sababu ya ujinga, nakataa. Wanafanya hesabu. Mwili wao umetolewa maoni na kila mtu, na hakuna aliyewaonyesha njia nyingine isiyo na aibu. Kliniki ya lishe wanayoijua ni ile ya utepe mwekundu. Ukienda na kusema "nataka kupungua," unaogopa wataona unawadharau wenye njaa.

Na kuna matibabu ya kweli, hilo lisifichwe. Sindano mpya za semaglutidi, zinazojulikana kwa majina ya Ozempic na Wegovy, zinaiga homoni ya utumbo inayouambia ubongo kwamba umeshiba. Zimewasaidia watu wengi wenye kisukari na unene uliokithiri. Lakini zinahitaji daktari, zinaleta kichefuchefu na kutapika, wakati mwingine matatizo ya kongosho, na ukiziacha uzito hurudi kwa watu wengi. Bei yake ni ya wachache. Pale penye kiu ya watu na bei ya juu, wezi hawachelewi: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu Ozempic bandia zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani. Kama zinaingia huko kwenye ukaguzi mkali, sisi tuliopokea kopo kwa basi tujiulize. Hapa Kenya Bodi ya Famasia na Sumu ndiyo inayosajili dawa. Kopo lisilo na usajili, lisilo na jina la kiwanda, halina wa kumshtaki likikuua.

Usiku ule moyo wake ulizidi kwenda mbio, tukampeleka hospitali. Muuguzi alipima presha, akapima tena, kisha akauliza swali moja: "Umechana?" Akakana kwa aibu, halafu akatoa kopo. Walimweka mpaka alfajiri. Hakuna aliyemkaripia, na nadhani hilo ndilo lililomfanya aache. Fundi aliongeza dirac inchi mbili kila upande. Ilimkaa vizuri kuliko tulivyotarajia.

Siku ya harusi paliandaliwa pilau, mbuzi mzima, nyirinyiri na halwa. Bibi harusi alikula hadharani, kijiko baada ya kijiko, na ayeeyo alimtazama kwa furaha kubwa. Kaka yake alikaa na vijana wenzake nyuma ya hema. Nilimpelekea sahani. Akaipokea kwa heshima, akaiweka chini kando ya kibunda, na nilipopita tena usiku wa manane, mafuta ya pilau yalikuwa yameganda na hakuna aliyeigusa.