Siri ya Chuma na Kata Yake

Msafiri atokaye Iringa akifika Makambako huona njia mbili: moja yaendelea Mbeya, na ya pili yashika kusini kwenda Njombe. Hapo hapo hupita reli ya TAZARA, iliyojengwa toka mwaka 1970 hata 1975. Aitazamaye reli ile huona ugumu wake tu. Je, ndani ya chuma mna nini? Swali hili ni la zamani kuliko reli.

Zamani, katika milima iliyo magharibi na kusini ya Njombe, Wakinga na Wapangwa walikuwa wahunzi wenye sifa. Waliyeyusha mawe kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe. Na Wakinga waliyapeleka kwa Wanyakyusa, wakapata chakula. Wahunzi wale walikijua chuma kwa jicho, kwa sikio na kwa mkono. Lakini ndani yake hawakuweza kupaona ila kwa kukivunja. Hata wataalamu wa Ulaya hawakuwapita sana. Eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, hupenya mwili wa mtu, bali katika chuma kinene hufifia upesi.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1932, Mwingereza James Chadwick alipovumbua nyutroni huko Cambridge. Nyutroni ni chembe ndogo mno ikaayo katika kiini cha atomu, nayo haina umeme. Kwa sababu hiyo haizuiwi na umeme wa atomu, bali hupenya chuma kama maji yapenyavyo mchanga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, matanuri ya atomu yalitoa nyutroni nyingi. Huko Oak Ridge, Marekani, Ernest Wollan na Clifford Shull walizitumia wapate kujua jinsi atomu zilivyopangwa. Huko Chalk River, Kanada, Bertram Brockhouse alitaka kujua jinsi zinavyotikisika. Na katika miaka ya 1950 akaunda spektromita yake.

Msidhani ni uchawi. Mama anunuapo chungu hukigonga kwa kidole, na mlio humwambia kama ni kizima au kina ufa. Brockhouse aligonga kwa nyutroni. Kwanza huwekwa fuwele, yaani jiwe ambalo atomu zake zimekaa kwa safu, nayo huchagua nyutroni za mwendo mmoja. Hizo hukigonga kitu kinachopimwa, kisha fuwele ya pili hupima mwendo wake zitokapo. Mwendo ukiwa umepungua au umezidi, tofauti ile ndiyo habari ya mtikisiko wa atomu. Mwaka 1994 Brockhouse na Shull walipewa Tuzo ya Nobel. Wollan alikuwa amekwisha kufa mwaka 1984.

Leo kwa vyombo vya nyutroni wataalamu huweza kupima mkazo uliojificha ndani ya reli pasipo kuikata.

Sasa sikilizeni neno la ajabu. Unga wa kitu kinachopimwa mara nyingi hutiwa katika kikopo cha madini yaitwayo vanadi, maana vanadi hutawanya nyutroni pande zote karibu sawasawa, wala haitii alama zake katika hesabu. Kwa sababu iyo hiyo hutumika kusawazisha chombo chenyewe. Na vanadi hiyo imo katika mawe ya chuma ya Liganga, wilayani Ludewa, katika mkoa wetu wa Njombe!

Wahenga walisema, Siri ya mtungi aijuaye kata. Nyutroni ndiyo kata; na mtungi wake hufanywa kwa madini yaliyomo milimani mwetu. Lakini mlima si mali kwa asiyeujua. Wazee wetu walipata jembe katika jiwe kwa kuwa walijifunza siri ya moto kwa bidii. Nasi tukiwatoa watoto shuleni kabla hawajaijua hesabu, wengine watakuja kutuambia yaliyo ndani ya mawe yetu, nasi hatutakuwa na la kujibu, ila kusadiki tu.