OK ilianza kama utani! Ijue historia ya neno unaloandika kila siku

Leo tupige stori ya neno la herufi mbili tu: OK. Bosi akikutumia kazi, unajibu OK. Mshkaji akisema tukutane saa kumi, OK. Mpenzi wako naye akikujibu OK kavu, bila emoji, ujue kimenuka. Sasa hili neno limetoka wapi?

Twende Boston, Marekani, mwaka 1839. Enzi hizo waandishi wa magazeti walikuwa na mchezo wao: wanafupisha maneno, na wanayakosea makusudi ili watu wacheke. "All correct", yaani kila kitu kiko sahihi, wao wakaandika "oll korrect". Chukua herufi za mwanzo, unapata O.K. Utani wenyewe ndio huo: unasema kila kitu kiko sahihi wakati herufi zote mbili umekosea! Tarehe 23 Machi gazeti la Boston Morning Post likaichapa.

Vifupisho vilikuwa vingi. Kulikuwa na O.W., yaani "oll wright", na vingine kibao. Karibu vyote vilikufa. OK ikapona kwa sababu ilipata kazi ya kufanya.

Kazi ya kwanza ilikuwa siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa anagombea tena. Kwao ni Kinderhook, jimbo la New York, hivyo wakamwita Old Kinderhook. Herufi zilezile! Mashabiki wake wakaanzisha O.K. Club. Wapinzani nao wakavumisha kwamba O.K. ililetwa na rais aliyemtangulia, Andrew Jackson, eti kwa sababu hajui kuandika. Van Buren akapigwa chini na William Henry Harrison, lakini neno likabaki midomoni mwa watu. Baadaye ikaja telegrafu, na wapiga telegrafu wakaona OK ni njia fupi ya kujibu kwamba ujumbe umefika.

Utani wa Boston ukasahaulika kabisa. Kila mtu akawa na stori yake, wengine wakisema neno ni la Wahindi Wekundu. Ni mpaka miaka ya 1960 ndipo profesa Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia alipopekua magazeti ya zamani na kuuweka ukweli wazi.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu kila siku tunasemwa: nyie vijana wa "cjui", "xaxa" na "2po" mnaharibu lugha. Ni kweli, kwenye mtihani au barua ya kuomba kazi usiandike "xaxa", utajikosesha mwenyewe. Ila kufupisha maneno hakukuanza na sisi wala na simu. Hata OMG iko kwenye barua ya mwaka 1917, aliyoandikiwa Winston Churchill na mzee wa miaka 76, Lord Fisher, aliyewahi kuwa mkuu wa jeshi la majini la Uingereza. Na hao wanaotusema, wakituma meseji, nao wanaandika OK!

Wakati ndio unaochuja. Kifupisho kikipata kazi kinadumu, kikikosa kinakufa kama O.W. Haya wadau, kati ya vya kwetu, kipi wajukuu zetu watakuja kukitumia?